Sentensi Niliyoifuta Nusu

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, na kila nikifika kwenye mada ya kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa, naipitia haraka. Wanafunzi wangu huielewa. Mkaguzi mmoja aliwahi kunisifu mbele ya walimu wenzangu kwamba naieleza kwa wepesi kuliko mwalimu yeyote aliyepata kumsikiliza. Sikumwambia kwamba ni mada ninayoichukia. Wala sikumwambia kwamba mimi mwenyewe niliielewa kwa siku moja tu, nikiwa kidato cha pili, siku niliyomdhulumu mwenzangu mbele ya darasa zima na nikapigiwa makofi.

Mwenzangu huyo tulizaliwa kitongoji kimoja, juu kwenye uwanda wa Ufipa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Msanzi. Nyumba zilikuwa kumi na moja, za udongo, zimeezekwa nyasi, zimekaa karibu karibu kama watu wanaoota moto. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kazi hiyo hakuiomba. Alipewa kwa sababu alisoma misheni mpaka darasa la nne, na katika wanaume wote wa pale ni yeye aliyeweza kusoma barua ya kata bila kuhesabu herufi kwa kidole. Mama wa mwenzangu alikuwa mjane. Mumewe alifariki tungali wadogo, akamwachia watoto watatu, mwenzangu akiwa mkubwa wao, akazikwa nyuma ya nyumba yao, na mwaka ule wa msiba baba ndiye aliyemlimia shamba la ulezi. Mama yangu na yule mjane walikuwa wakipika pombe pamoja, na kihenge cha nafaka cha yule mama, kilichokuwa ndani ya nyumba kulia ukiingia, kilikandikwa na baba yangu kwa mikono yake.

Shule yetu ya msingi ilitoa wasichana wawili tu kwenda sekondari ya wasichana mjini Sumbawanga, mimi na yeye. Baba alitusindikiza mpaka barabarani. Sanduku langu la bati nililibeba mwenyewe. La mwenzangu alilibeba baba kichwani, kwa kuwa, alisema, yule mtoto hana baba wa kumbebea. Nayataja haya ili ijulikane baba alikuwa mtu wa namna gani kabla sijasema mengine.

Likizo ya Juni tukiwa kidato cha pili tulikuta kitongoji kimechangamka vibaya. Ulikuwa mwaka wa Operesheni, watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Barua ilikuwa imefika kutoka kata, na baba aliisoma mbele ya nyumba yetu, watu wamejifunika mablanketi maana Juni kwetu upepo unakata masikio. Iliandikwa kwamba wananchi wanaarifiwa kuwa imeamuliwa kaya zote zihamie kijiji kipya kando ya barabara kuu, na kwamba watakaochelewa watachukuliwa hatua.

Mzee mmoja akauliza, "Ameamua nani?"

Baba akaitazama barua tena. Akaigeuza nyuma, akakuta hakuna kitu. "Hapa haikuandikwa," akasema.

Watu wakaanza kuhama mmoja mmoja. Sisi tulikuwa wa kwanza, kwa kuwa baba alikuwa balozi na alitakiwa kuonyesha mfano. Tulipewa kiwanja kizuri, karibu na barabara. Yule mjane alibaki, yeye na kaya nyingine mbili. Hakukataa kuhama. Aliomba wiki mbili, kwa sababu ulezi wake ulikuwa umeshaingia kihengeni na hakuwa na mtu wa kumbebea. Baba alipeleka ombi hilo kata. Jibu halikuja.

Siku yenyewe tulikwenda kumsaidia kufunga vyombo, mama, mimi na baba. Kabla ya saa sita tukasikia lori. Lilikuwa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, lile lile lililozoea kutuletea chumvi na mafuta ya taa, ila siku hiyo lilikuwa limeazimwa na serikali, na nyuma walikaa mgambo wanne. Mbele aliteremka katibu kata. Alikuwa kijana, mpole wa sauti, si mtu wa kupiga kelele. Mjane akamwamkia, ingawa kwa umri kijana yule angeweza kuwa mwanawe. Akaitikia, kisha akamgeukia baba.

"Balozi, nyumba hizi tatu mbona bado?"

"Waliomba muda, ndugu katibu. Huyu mama ana nafaka ndani."

"Muda umekwisha. Hawa ni watu wako. Anza wewe, ili wasije wakasema wameonewa na wageni. Ukishindwa, nitaandika kwamba balozi ndiye anayewazuia."

Baba alisimama. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumsikia akipumua. Kisha akaingia jikoni kwa yule mjane, akatoka na kijinga cha moto kutoka mekoni pake, moto ambao mama yule alikuwa ameuwasha asubuhi atuchemshie chai.

Mjane akasema, "Kaka, ngoja kwanza nitoe mbegu."

Hakulia wala hakumshika mkono. Alisema kama mtu anayeomba apishwe mlangoni. Baba akamtazama katibu kata. Katibu kata akatazama saa yake. Baba akazunguka nyuma ya nyumba, akatia moto kwenye ukingo wa paa.

Alizunguka nyuma, upande ule ule upepo ulikotokea. Mtu anayetaka moto uende polepole, ili wenyewe wapate nafasi ya kuokoa vitu, huanzia upande wa pili. Baba alikuwa mkulima, alikuwa amechoma nyasi za mashamba maisha yake yote. Alijua upepo. Jambo hilo nimelifikiria kuliko mengine yote, na sijapata jibu linaloniridhisha. Huenda alitaka tu limalizike upesi.

Mwenzangu alikimbilia ndani. Tulidhani amefuata ulezi. Alitoka amekumbatia sanduku lake la bati lenye madaftari, nywele zimeungua kwa mbele. Mama yake alimtazama akiwa na sanduku lile, akageuka. Nadhani mwenzangu aliyabeba macho yale muda mrefu. Kihenge kilipopasuka, ulezi ulimwagika ukiwa unawaka, ukatoa harufu ya kukaangwa, harufu nzuri, na mgambo mmoja akacheka.

Tulipanda lori. Katibu kata alimwambia baba akae mbele pamoja naye, na baba alikwenda akakaa mbele.

Shule ilipofunguliwa Julai, mjane alikuwa akiishi kwenye kibanda cha mabua ya mahindi nyuma ya viwanja, anangojea zamu ya kujengewa. Mimi na mwenzangu tulirudi Sumbawanga pamoja. Njiani tuliongea kidogo, habari za shule tu. Sikumwomba radhi. Nilijiambia kwamba mtoto hamwombei baba radhi.

Pale shuleni masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili na siasa. Kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Anayesikika akizungumza Kiswahili darasani alivishwa shingoni, na mwenye nacho jioni alipalilia maua ya mbele ya ofisi. Kifipa hata hakikutajwa kwenye sheria, kwa kuwa hakuna aliyedhani tungethubutu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mama mmoja kutoka Bukoba, mrefu, mwenye mwandiko wa kupendeza. Hakuwa mkatili. Alipenda somo lake na alipenda wanaolipenda. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Wiki ya pili aliandika ubaoni: The girl broke the pot. Msichana alivunja chungu. Akatueleza kwamba hapo msichana ndiye mtenda, anakaa mwanzo, anaonekana. Kisha akaandika: The pot was broken by the girl. Chungu kilivunjwa na msichana. Sasa chungu kimekuja mbele na msichana amesukumwa mwisho. Halafu akachukua kifutio, akamfuta msichana. Kikabaki chungu peke yake: The pot was broken.

"Mnaona," akasema, "Kiingereza kinaruhusu. Ikiwa mtenda hajulikani, au si muhimu, tunamwacha."

Nilielewa papo hapo, maana nilimkumbuka mama yangu. Kwetu, ukimwambia mama chungu kimevunjika, alikuuliza, "Kimejivunja?" Alikungoja mpaka useme nimekivunja. Ukishasema hivyo, kwa kawaida hakukuchapa. Nikaona kwamba Waingereza wamepata la kumjibu mama yangu, na nikafurahi, kwa kuwa nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa mwepesi wa kufurahia mambo ya darasani.

Mwalimu akatuambia kila mmoja aandike sentensi moja ya jambo la kweli lililotokea wakati wa likizo, kwa kauli ya kutenda. Tulipewa dakika kumi. Mimi niliandika kwamba mama yangu alipika maharage. Kisha akawa anamtaja mwanafunzi, anasimama, anasoma. Mmoja ng'ombe wake alikula mahindi. Mwingine kaka yake alinunua baiskeli. Alipofika kwa mwenzangu, aliyekuwa dawati la pili mbele yangu, akasimama akasoma taratibu, kila neno mahali pake.

"The father of my friend burned our house."

Baba wa rafiki yangu alichoma nyumba yetu.

Wengi darasani walikuwa wametoka vijijini, na wengi walikuwa wameona mambo yao likizo ile. Wengine walijua tumetoka mahali pamoja, wakanigeukia. Mwalimu hakujua. Au alijua, akaogopa, kwa kuwa walimu nao walikuwa na chama na vikao vyao. Mpaka leo siwezi kusema. Alisema tu, "Good," kisha akatafuta wa kuigeuza, na macho yake yakaniangukia mimi, mwanafunzi wake mzuri.

Nilikwenda ubaoni. Niliandika: Our house was burned by the father of my friend. Chaki ilinikatikia mara moja. Nilipomaliza, mwalimu akasema, "Vizuri. Na hatua ya tatu?" Alisema kwa Kiingereza, lakini hivyo ndivyo alivyosema.

Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema kwamba hapa mtenda anajulikana, kwa hiyo haachwi. Lilikuwa jibu sahihi la sarufi, na nilikuwa nalijua. Nilichukua kifutio nikafuta nusu ya mwisho ya sentensi, nikafuta vizuri, kutoka juu kwenda chini, mpaka alama ya chaki isionekane. Ikabaki: Our house was burned. Nyumba yetu ilichomwa. Mwalimu akaiweka nukta niliyoisahau, akasema darasa linipigie makofi, na wakapiga, makofi machache ya kwanza, kisha yote.

Mwenzangu alikuwa bado amesimama. Akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, nani amesema si muhimu?"

Mwalimu alichukua kile kipande cha mbao kilichokuwa mezani, akakiangalia, akamfuata, akamvisha. Alikivisha polepole, kama asiyependa. Lakini alikivisha. Jioni ile mwenzangu alipalilia maua ya mbele ya ofisi, nami nilikuwa dirishani bwenini, nikimwona anavyong'oa magugu na kuyapanga mstari mmoja, kama alivyofundishwa na mama yake.

Siku mbili baadaye nilimfuata bombani, anafua sare.

"Umenikasirikia?" nikamuuliza.

"Sikuandika ili wewe uumie," akasema. "Mwalimu alitaka jambo la kweli la likizo. Mimi sikuwa na jingine."

"Baba aliamriwa. Ulikuwepo, ulisikia."

"Aliamriwa na nani?"

"Na katibu kata."

"Na yeye katibu kata?"

"Naye aliamriwa."

Akakamua sketi yake, maji yakamwagika miguuni mwetu, ya baridi kama barafu. "Basi huko juu kote wameamriwa," akasema. "Aliyechoma simwoni. Lakini mimi nilimwona." Akaanika sketi, akaondoka. Hatukugombana. Tuliendelea kukaa meza moja ya chakula, akinipa chumvi nikiomba. Lakini hakunisubiri tena baada ya vipindi, na nilipomwomba anisomeshe hesabu, alinisomesha kama anavyosomeshwa mtu yeyote.

Likizo ya Desemba mvua zilikuwa zimekolea. Kibanda cha mabua cha mjane kilikuwa kinavuja, naye alikuwa anakohoa. Zamu yake ya kujengewa ilikuwa imesogezwa. Hakuwa amepanda ulezi. Aliazima mahindi ya mbegu kwa jirani, yakaota hafifu kwenye udongo ule wa barabarani usiowahi kutengenezewa matuta. Nilimkuta baba ameketi barazani anapachika mpini wa jembe. Nilimwamkia, nikakaa karibu naye.

"Baba, kwa nini ulizunguka nyuma?"

"Nyuma ya wapi?"

"Ya nyumba ya mama mjane. Upepo ulitokea kule."

Aligonga mpini mara tatu kabla ya kujibu. "Mwanangu, tuliambiwa nyumba zote zimalizwe kabla ya jioni."

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi. Akasema bila kuinua sauti, "Mliambiwa. Mkono uliokwenda mekoni kwa mwenzangu ulikuwa wa nani?"

Baba akainuka, akaweka jembe begani, akaenda shambani ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Hapakuwa na mtu mwingine shambani siku ile. Nilimwona kwa mbali amesimama tu. Mama hakutoka kumwita, nami sikutoka.

Mjane alifariki mvua za mwaka uliofuata, tukiwa kidato cha tatu. Mwenzangu aliitwa ofisini, akapewa ruhusa ya kwenda kuzika, na hakurudi. Alikuwa na wadogo wawili wa kuwalea. Sanduku lake la bati lilibaki chini ya kitanda chake bwenini mpaka mwisho wa muhula, kisha likapelekwa stoo. Nilikusudia kumpelekea. Nilipokwenda likizo gari lilikuwa limejaa, nikaliacha. Nilipokumbuka tena, nilikuwa nimemaliza shule.

Baadaye nilisikia ameolewa Kasanga, na mtu anayepakia mizigo kwenye boti za Zambia. Mimi nilipita mitihani, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa kufundisha Muze, kule bondeni, kwenye joto. Baba akawa mwenyekiti wa kijiji. Waliokuja kukagua kijiji walipelekwa kwake, wakala kuku, wakamsifu. Aliheshimika. Wale aliowahamisha ndio waliompigia kura, na sijui walikuwa wamesahau au walikuwa wanakumbuka vizuri sana.

Alifariki kwa kifua kabla hajazeeka. Nilipofika kutoka Muze, wajomba waliniambia, "Wewe ndiye mwalimu. Andika wasifu wa marehemu, usomwe makaburini." Nilipewa meza, karatasi na kalamu. Mama alikuwa ameketi mkekani na wanawake, ananitazama. Niliandika kuzaliwa kwake, misheni, ndoa, watoto. Nilipofika kwenye mwaka wa Operesheni nilikaa muda mrefu. Kisha nikaandika kwamba wakati huo marehemu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kwamba wananchi wa kitongoji chake walihamishiwa kijijini kwa usalama.

Neno usalama liliongezwa na kalamu yangu. Hakuna aliyeliamrisha.

Wakati wasifu unasomwa niliinua macho nikamwona mwenzangu amesimama kati ya wanawake, amejitanda khanga. Alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Kasanga na kifurushi cha dagaa kwa ajili ya msiba, kama anavyofanya mtu wa karibu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alitupa udongo kaburini zamu yake ilipofika.

Alasiri nilimsindikiza barabarani kungojea lori. Tuliongea juu ya watoto wake, wanne, na juu ya joto la Muze. Kisha akasema, "Ule wasifu ni mzuri. Umeandika wewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno fupi.

"Uliandikwa na familia," nikamjibu.

Aliitikia kwa kichwa. Alinitazama kwa muda, bila hasira, namna mtu anavyotazama mahali alipowahi kuishi. Lori likaja, akapanda juu ya magunia, utingo akampa mkono. Akaniambia nimsalimie mama.

Nilirudi nikamkuta mama anaosha masufuria ya msiba na majirani. Nikachutama nikashika jivu, nikasugua pamoja nao. Hakuniuliza tumeongea nini.